Barua kwa mwanangu: ndio, nitakuandikia hiyo stetimenti

Mwanangu,

Ile meseji yako ya juzi nimeisoma mara nyingi kuliko unavyodhani. Uliniuliza, mama nikiomba jeshi la Marekani wanibadilishie dischaji, ile karatasi inayosema nilitoka jeshini vipi, utaniandikia stetimenti ya ushahidi, na kweli kuna maana ama nitajiaibisha tu bure. Nikakujibu na kile kidole gumba ukadhani yameisha, kumbe nilikua kazini, nimeshika mzee wa watu mkono mmoja uko ndani ya shati mwengine uko nje. Sai ni saa nane usiku, nimetoka shift, niko jikoni na chai yangu, wacha nikuandikie manake kwa simu mimi na wewe tukianza hii maneno lazima mmoja akate.

Kuandika nitaandika. Hilo lisikuumize kichwa. Lakini kuna kitu lazima nikwambie kwanza, na hiki ndo kimeninyima usingizi: yale yote ambayo hiyo bodi ya jeshi ya kukagua dischaji itataka kusikia ni yale yale niliyokwambia usimwambie mtu.

Unakumbuka 2012 ulivyokuja bila kusema, ukakaa pale basement siku 47, mimi nikawa nawaambia watu wa kanisa na kina mama wa chama ati uko likizo. Nilikua najua. Siku ya tatu nilijua. Mtu wa likizo hafungi pazia mchana. Nikakupikia, nikanyamaza, na wewe ukanyamaza, mpaka nikakupeleka airport mwenyewe urudi ujisalimishe. Halafu ukanipigia kutoka kambini ukasema mama wananipa karatasi nisaini, nikisaini sishtakiwi, naachishwa tu lakini kwa OTH, nisipokubali ni mahakama ya jeshi, na mimi nikasema saini yaishe urudi nyumbani. Sikujua OTH ni nini, kumbe ni other than honorable, kutoka chini ya kiwango cha heshima. Niliskia tu neno nyumbani.

Nimekuja kujua baadaye, kwa kuuliza uliza, kwamba Marekani mtu anatoka jeshini na ngazi tofauti. Juu kabisa ni dischaji ya heshima, chini yake ile wanaita general, halafu hiyo yako, na chini ya hapo kuna mbili za kupewa na mahakama ya jeshi. Yako haikutoka mahakamani, na hapo ndo kuna mlango, manake bodi ya kukagua dischaji inaweza kuisikiliza. Wale wa mahakama kubwa ya kijeshi hiyo bodi haiwagusi.

Sasa usiniulize kwa nini nilikufunga mdomo. Sababu ilikua aibu, sikatai, mtoto wangu alipigiwa makofi kanisani akiwa na yunifomu halafu nikawaeleze nini? Lakini haikua aibu peke yake. Uraia wako uliupata 2009 kwa njia ya jeshi, si kwa njia ya kungoja miaka kama mimi. Na sheria inasema aliyepata uraia kwa jeshi, akitolewa kwa dischaji isiyo ya heshima kabla hajamaliza miaka mitano ya utumishi mzuri, uraia unaweza kuvuliwa. Wewe uliingia 2008 ukatoka 2012, hesabu mwenyewe. Hiyo nilisomewa na mama mmoja kwenye matanga ya watu, sahani ya pilau ikanishinda hapo hapo. Tangu siku hiyo nikasema huyu mtoto asitajwe, asiandike barua, asiguse serikali, wamsahau. Ni woga wa mtu aliyekuja na grin kadi ya bahati nasibu na masanduku mawili, utanisamehe.

Kwa iyo kabla hujatuma chochote, ukae na wakili anayejua uhamiaji NA mambo ya jeshi, wote wawili kama si mmoja. Umuulize hilo swali la uraia uso kwa uso. Bodi yenyewe haiwezi kukushusha chini ya ulipo, hiyo iko kwenye taratibu zao, wanakupandisha ama wanakuacha hapo hapo. Lakini mimi sitalala mpaka wakili aseme.

Wakili si lazima akule pesa. Fomu yenyewe ni bure, inaitwa DD 293. Kuna vyuo vya sheria wana kliniki za maveterani, yani waliowahi kuwa jeshini, na kila kaunti hapa Minnesota ina afisa wake wa maveterani, kazi yake ni hiyo hiyo, analipwa na kaunti. Huyo mtu wa Facebook aliyekwambia umtumie dola elfu mbili atakufanyia haraka, mblock.

Na ile stori uliyoniambia siku moja kwenye gari, ati dischaji inajibadilisha yenyewe baada ya miezi 6, ni uongo. Haijibadilishi. Hata miaka 60 ipite. Nilikua na mzee pale nasing homu, wa Vietnam, aliambiwa maneno hayo hayo siku anatoka, akangoja. Akaona aibu kuuliza. Alikua ananiambia wewe mwanao alikua jeshi, namwambia eeh, ananiangalia tu, sikuwahi kumwambia yako na yeye yake aliniambia wiki ya mwisho. Hakutuma fomu hata moja mpaka alipokufa. Nilienda mazishi yake, tulikua watu sita na hakukua na bendera.

Wewe una miaka 15 kutoka siku uliyotoka kuomba kwa hiyo bodi. Ulitoka Novemba 2012, imebaki kidogo. Ukipitisha hapo si ati umekufa, kuna bodi nyingine ya kurekebisha rekodi, fomu yake DD 149, hiyo nayo ina miaka yake mitatu tangu ugundue kosa ila wanaweza kusamehe kuchelewa kama haki inadai. Lakini mbona tupite dirishani na mlango uko wazi.

Sasa, uliuliza kama kuna maana. Wengi wanakataliwa, sitakudanganya. Lakini mambo si kama ilivyokua ulipotoka. 2014 waziri wa ulinzi Chuck Hagel alitoa agizo bodi ziwaangalie kwa huruma zaidi wale wa PTSD, yani akili kuumizwa na vita, hasa kina mzee wangu wa Vietnam, halafu 2017 likaja agizo lingine, watu wanaliita la Kurta, likapanua ikawa pia walioumia kichwa na waliodhulumiwa kimapenzi huko jeshini. Na 2018 lingine tena, la Wilkie, linasema waangalie pia haki na kumpa mtu nafasi ya pili, yani umeishi vipi tangu utoke.

Hilo la Kurta nililisoma na dikshonari pembeni. Wanajiuliza maswali manne: huyu mtu alikua na ugonjwa ama jambo lililompata la kupunguza lawama, lilimpata akiwa jeshini, kweli hilo ndo lilimfanya afanye alichofanya, na je lina uzito kushinda kosa lenyewe. Soma tena hilo la tatu. Haitoshi kusema nilikua mgonjwa. Lazima ueleze ugonjwa ulikutoaje kambini ukakuleta kwa mamako. Na wanakubali ushahidi kutoka nje ya faili la jeshi, hata wa familia. Hapo ndo mimi naingia.

Nitawaandikia nilichokiona tu, daktari si mimi. Nitaandika kwamba 2010 ulinipigia kutoka Afghanistan ukasema gari iliruka kidogo, mama usijali, kengele tu kichwani. Kengele tu! Nitaandika 2011 ulivyokuja likizo ukawa unaendesha katikati ya barabara, unakwepa kila karatasi na kila tairi iliyopasuka kando ya njia, mpaka nikakwambia simamisha nishuke. Kwamba uliniuliza swali moja mara tatu kwa chai moja, wewe ambaye ulikua unakariri namba za simu za ukoo mzima. Kwamba kule basement ulilala sakafuni nyuma ya boila na kitanda kiko. Nitaandika nilikua najua umetoroka na nikakuficha. Nimeuliza kama hiyo itaniletea shida, nitamuuliza wakili pia, lakini nikiitoa hiyo, barua yangu haina mgongo.

Na wewe yako uandike bila kuremba. Ulitoroka, sema nilitoroka. Wenzako walibaki kufanya zamu zako. Usianze na sajini alikua mbaya.

Unajua kuna mzee mmoja alikua hapa hapa Minneapolis, Dorsie Willis. Mwaka 1906 huko Brownsville, Texas, kulipigwa risasi usiku mtu akafa, wakasingiziwa wanajeshi weusi, na rais Theodore Roosevelt akawafukuza 167 bila heshima, bila kesi yoyote. Huyo Willis alikuja akakaa huku miaka mingi akipiga watu viatu brashi kwenye kinyozi. Jeshi lilikuja kusafisha majina yao 1972, wengi washakufa, na yeye 1973 akapewa dischaji yake ya heshima akiwa na miaka 87, halafu dola 25,000. Amezikwa Fort Snelling, hayo makaburi meupe yamejipanga tunayapita tukienda airport. Siku ile nakupeleka tuliyapita, nikawa naangalia upande wa pili.

Simaanishi wewe ni kama yeye. Yeye hakufanya kosa, wewe ulifanya. Bodi inaangalia vitu viwili, kama utaratibu ulifuatwa, na kama ilikua haki, na kwako sioni kama tutashinda kwa la kwanza, ulisaini mwenyewe na mwanasheria wa jeshi yuko hapo. Kwako ni haki. Kijana amegongwa kichwa, halali, anasahau, hakuna aliyempima, anakimbia, anarudi mwenyewe kwa miguu yake, halafu miaka 13 anaendesha lori bila kesi, analipa kodi, analea. Hiyo ndo kesi yako, na si ndogo.

Lakini ina shimo, na unalijua. Hujawahi kuonekana na daktari. Kila mwaka unasema niko sawa mama. Uko sawa na unalala taa ikiwaka? Usiniambie VA, ile wizara ya maveterani, hawakutaki kwa sababu ya OTH, hiyo nayo ni stori ya zamani, tangu 2018 kuna sheria mtu wa OTH aliyeenda vitani anaweza kupata matibabu ya akili pale. Na hata mambo mengine, VA wana uamuzi wao wenyewe wa kukagua dischaji ya mtu, si lazima ungoje bodi. Kuna pia zile Vet Center, vituo vya ushauri vya maveterani, hizo hazifanani hata na hospitali. Nenda upimwe kwanza. Si kwa ajili ya bodi. Sawa, pia kwa ajili ya bodi.

Halafu uombe faili lako lote, la utumishi na la matibabu, kutoka St. Louis wanakohifadhi rekodi, kwa fomu SF 180. Usitume DD 293 kabla hujasoma kilichoandikwa humo, manake wao watakisoma. Uombe heshima kamili, usiombe general kwa unyenyekevu. General ingekufungulia mengi VA, lakini masomo ya GI Bill, yale serikali inalipia aliyetoka jeshini, ni kwa dischaji ya heshima tu, na wewe bado nakuona unaangalia hiyo kozi ya mekanika wa dizeli. Uombe pia wabadilishe sababu iliyoandikwa kwa DD 214, karatasi yako ya kutoka jeshini, ile inayosema badala ya mahakama ya kijeshi, hiyo ndo kila mwajiri anakodolea macho. Kwanza wakague kwa makaratasi, wakikataa bado unaweza kuomba kusikilizwa, siku hizi ni kwa simu ama video, lakini ukianza na kusikilizwa huwezi tena kurudi kwa makaratasi. Jibu linaweza kuchukua zaidi ya mwaka. Mimi nina pressure na sukari, anza mapema.

Mchungaji nishamwambia. Jana, baada ya ibada, nikamwambia ile likizo ya 2012 haikua likizo. Akasema alijua. Miaka yote hii alijua, na wewe umefundisha watoto wake mpira! Ataandika barua yake. Bosi wako muombe wewe.

Jumapili njoo na lile sanduku la kijani ulilolifungia kabati la juu, na umlete mjukuu wangu, nitapika mahamri. Stetimenti nishaanza, nimefika pale airport. Nisaidie kitu kimoja, siku ile nilikupeleka ilikua Jumanne ama Jumatano? Nakumbuka kulikua na theluji na ulikataa kuchukua ile jaketi, lakini siku yenyewe imenipotea na nataka niandike sawa.

Mamako