Nick Drake: kisikilize kwanza kidole gumba chake

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Umesikiliza Pink Moon, albamu ya Nick Drake, mwimbaji na mpiga gitaa wa Uingereza, mara mbili, ukaona ni huzuni tupu ya mtu na gitaa lake, sasa unataka kujua uanzie wapi ili uone wanaomsifia wanasifia nini. La pili, unauliza kama kuna haja ya kusikiliza albamu nzima wakati nyimbo zake zinazopendwa zimeshakusanywa pamoja. Nitajibu kwa urefu, maana mlango ulioingilia wewe ndio niliouingilia mimi, na ulinichelewesha miaka.

Nilikijua kifo chake kabla sijazijua nyimbo zake. Nilisoma kwamba alifariki Novemba 1974 akiwa na miaka 26, nyumbani kwa wazazi wake katika kijiji cha Tanworth-in-Arden huko Uingereza, baada ya kuugua sonona kwa muda mrefu. Ndipo nikaweka Pink Moon. Kila mstari niliusikia kama wosia. Akitaja mwezi, kifo. Akitaja barabara, kifo. Ukimsikiliza hivyo unachoka upesi, na mwisho wa siku mwanamuziki mwenyewe unakuwa hujamsikia, umesikia habari zake tu.

Kilichonigeuza ni gitaa. Napiga kidogo, kiwango cha kujifurahisha, nikataka kujifunza ule wimbo wenyewe wa Pink Moon. Una dakika mbili tu, nikaona ni kazi ya jioni moja. Vidole nikaviweka sawa, sauti ikakataa kuwa yake. Baadaye nikagundua kwamba hakuupiga kwa mtuno wa kawaida, yaani nyuzi hazikukazwa kwenye noti zilizozoeleka. Uzi wa sita aliushusha kutoka E hadi C, wa tano kutoka A hadi G, wa nne kutoka D hadi C, wa tatu kutoka G hadi F. Wa pili ndio pekee aliopandisha, kutoka B hadi C, na wa kwanza akauacha ulivyo. Kisha kapo, kile kibanio cha nyuzi zote, kwenye freti ya pili, yaani chuma cha pili cha shingo ya gitaa. Nilikaa nikikaza na kulegeza mpaka zikakaa, halafu nikapitisha kidole kwenye nyuzi zote bila kubana chochote. Sitausahau mlio ule. Nyuzi nzito zilikuwa zimelegea kiasi cha kunguruma, nikausikia mtetemo tumboni palipoegemea gitaa, na juu kabisa zile nyuzi mbili nyembamba zikawa zimesogeleana kama watu wanaonong'ona. Wimbo ulikuwa tayari umo humo kabla sijafanya lolote. Kilichobaki ni mkono wa kulia.

Ndiyo maana jibu langu la kwanza ni hilo: fuata kidole gumba cha mkono wake wa kulia. Kinashika nyuzi nzito na hakiyumbi. Sauti yake ya kuimba inachelewa, inaingia nyuma ya pigo, inaning'inia, inamalizia mstari mahali usipopatarajia, na muda wote huo gumba linatembea zake, halimsubiri wala halimkimbii. Mtu mnyonge hapigi hivyo. Kijana yule alikuwa fundi, tena fundi aliyekaa na gitaa saa nyingi sana. Ukishaishika hiyo, huzuni inarudi kukaa mahali pake, ndani ya muziki, na wewe unaanza kusikia mambo mengine yote yaliyokuwa yamefunikwa.

Kwa hiyo weka Pink Moon pembeni kwanza, anza na Five Leaves Left ya 1969. Aliirekodi bado akiwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiingereza Cambridge, katika studio ya Sound Techniques, Chelsea, London. Prodyuza alikuwa Joe Boyd, na fundi mitambo John Wood, jina ambalo utakutana nalo hadi mwisho wa safari hii. Wimbo wa kwanza, Time Has Told Me, una gitaa la umeme la Richard Thompson na besi kubwa ya kusimama ya Danny Thompson (si ndugu, wamefanana majina tu). Usikilize kama unavyosalimiana na mtu, kisha jiandae kwa wa pili.

Wa pili ni River Man. Ningekuwa na ruhusa ya kukupa wimbo mmoja tu ningekupa huu. Hesabu mapigo ya gitaa: moja, mbili, tatu, nne, tano, halafu moja tena. Tano, wakati nyimbo nyingi tulizozizoea zinakwenda kwa nne. Mara ya kwanza nilihesabu kwa vidole juu ya goti, nikawa napotea kila alipoanza kuimba, kwa sababu sauti yake haikusaidii hata kidogo. Maneno yanaelea juu ya zile tano kana kwamba hayana habari nazo. Kisha vayolini zinaingia, taratibu, kama ukungu unaopanda mtoni, zinakuwa nzito, zinapita rangi ya giza, zinaondoka. Gitaa chini bado linahesabu tano zake. Mipangilio mingi ya vayolini na ala nyingine za nyuzi kwenye albamu hiyo iliandikwa na Robert Kirby, rafiki yake wa chuoni, ambaye Nick mwenyewe alimpendekeza baada ya kukataa kazi ya mpangaji muziki mzoefu aliyeletewa. Hebu fikiria: kijana mpya studioni, mwenye haya kupindukia, anasema hapana, kuna mwanafunzi mwenzangu ataweza. River Man peke yake Kirby hakuiweza, akapewa Harry Robinson.

Sasa niingie swali lako la pili, maana jibu lake liko hapohapo. Baada ya River Man inakuja Three Hours, ndefu, ina konga, zile ngoma ndefu za kupigwa kwa mikono, za Rocky Dzidzornu, mpiga ngoma mzaliwa wa Ghana. Nyimbo tatu zimepita na sikio lako limeshazoea kwamba lile gitaa lipo daima. Wimbo wa nne, Way to Blue, unaanza na gitaa halipo. Hakuna kabisa, mwanzo hadi mwisho. Ni sauti yake na vayolini za Kirby peke yake. Ukiukuta kwenye mkusanyiko, umepachikwa katikati ya nyimbo nyingine, utasema ni wimbo mzuri wenye vayolini. Ukiufikia kwa miguu, baada ya zile tatu, unahisi ardhi imeondolewa chini yake naye bado amesimama. Hilo halikusanyiki. Liko kwenye mpangilio.

Bryter Layter ya 1971 nitaipitia haraka zaidi, kwa sababu ndiyo ninayoirudia mara chache. Humo mna ngoma na besi za watu wa Fairport Convention, bendi ya Uingereza, mna tarumbeta, mna uchangamfu ambao wakati mwingine naona umevalishwa juu yake. Wapo wanaoiona ndiyo bora kuliko zote na nawaelewa. Mambo mawili usiyakose. La kwanza ni Northern Sky, ambapo mwanamuziki John Cale anapiga selesta (kinanda chenye mlio wa kengele ndogo), piano na ogani. Ule ni wimbo wa furaha ya mapenzi, wazi kabisa, na mtu akikwambia Nick Drake alijua huzuni tu mwambie akausikilize. La pili ni Poor Boy. Piano yake inapigwa na Chris McGregor, Mwafrika Kusini aliyeondoka nchini kwao mwaka 1964 na kundi lake la jazi, The Blue Notes, lililochanganya weusi na mzungu chini ya sheria za ubaguzi. Sikiliza mkono wake unavyocheza pembeni ya gitaa, unavyomchokoza. Waimbaji Doris Troy na P.P. Arnold wanaitikia nyuma, saksofoni inapita, na katikati ya karamu hiyo yote lile gumba bado liko palepale. Na hapa tena habari ya albamu nzima: kuna vipande vitatu visivyo na maneno, kimoja kinafungua, kimoja kinaanzisha upande wa pili wa sahani ya santuri, kimoja kinafunga. Wakusanyaji huviacha. Bila hivyo, nyimbo zenyewe zinagongana.

Albamu hizo mbili hazikuuzika. Majukwaani hali ilikuwa ngumu: alibadilisha mtuno baina ya wimbo na wimbo, akikawia kimya huku watu wakianza kuzungumza, na hatimaye akaacha kupanda jukwaani. Hakuna hata kipande kimoja cha filamu kinachojulikana kikimwonyesha akipiga akiwa mtu mzima. Tulichonacho ni sahani.

Sasa rudi Pink Moon. Oktoba 1971, Boyd ameshahamia Marekani, Nick anaingia studio ileile na John Wood peke yake, usiku mara mbili, wanamaliza. Nyimbo 11, dakika 28 hivi. Tafuta dakika hizo 28 usipofanya kitu kingine. Kwenye wimbo wa kwanza utasikia piano, mstari mfupi katikati, noti chache zinazoshuka kama mtu anayeteremka ngazi bila viatu. Hiyo ndiyo piano pekee ya albamu. Haitarudi. Nyimbo kumi zinazofuata ni gitaa na sauti, na kwa muda fulani sikio linaendelea kuingoja ile piano, na kule kungoja kumekuwa sehemu ya albamu kwangu. Kwenye Know kuna mistari minne tu ya maneno na mguno, juu ya noti chache zinazojirudia. Kwenye Road vidole vinakwenda kasi na usafi ambao ukishajaribu kuuiga utaacha kumwonea huruma, utaanza kumheshimu. Na ya mwisho, From the Morning, ni asubuhi kweli, nyepesi, inameta. Miaka yote ile niliyosikiliza kwa masikio ya msibani, sikuwahi kusikia kwamba albamu hii inaishia kwenye mwanga.

Ukitaka kujua zile kord zake za ajabu (noti zinazolia pamoja) zilitoka wapi, tafuta pia rekodi za mama yake, Molly Drake. Alikuwa akiandika nyimbo na kuzipiga kwa piano nyumbani, na zilitolewa miaka mingi baada ya wote wawili kufariki. Utasikia namna ileile ya kupinda melodi karibu na mwisho wa mstari. Mimi nilishtuka.

Kuna nyimbo chache za mwisho alizorekodi 1974, zikiwamo Rider on the Wheel na Black Eyed Dog. Tafadhali hizo ziweke mwisho kabisa. Zamani nilizisikiliza mapema na zikanirudisha kulekule kwenye msiba. Boyd na Wood walikuwapo, na wameeleza kwamba safari hii hakuweza tena kupiga na kuimba kwa wakati mmoja: ilibidi gitaa lirekodiwe kwanza, sauti iwekwe baadaye. Mtu aliyeimba juu ya tano za River Man bila kutetereka. Niliposoma hilo nilikuwa nimeshazijua albamu zote tatu kwa moyo, nikaweka Rider on the Wheel upya, nikafuata gumba. Lilikuwa bado linatembea.