Shangazi, mume wangu anaikataa nyumba ya Navan

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuguzi hapa Dublin, mume wangu ni dereva wa basi. Tuna watoto wawili, wa miaka minne na wa miwili, na tumepanga Clonsilla, kitongoji cha Dublin. Nimepata nyumba mpya Navan, mji ulio nje ya Dublin, vyumba vinne, bustani, jiko la kisasa, euro 430,000. Mishahara yetu kwa mwaka ni 98,000, wangu 52,000. Akiba ni 16,000, na humo nimeshatoa arubuni ya 5,000 bila kumwambia. Mpango wa serikali wa kusaidia wanunuzi wa nyumba, Help to Buy, utatupa 30,000. Yeye anataka tusubiri tununue kinyumba cha zamani hapa hapa Clonsilla. Mwoga wa maisha! Mama yake naye anamwambia tusihame mbali na watu. Je, naweza kununua kwa jina langu tu? Sina ushamba wa mambo haya, nyumba yangu ya Kibaha niliijenga mwenyewe 2019 na yeye haijui.*

Marahaba, mwanangu. Pole na zamu, pole na kodi ya pango. Hamu yako ya kuwa na mlango wako mwenyewe ni halali kabisa. Ila kwenye ugomvi huu mimi niko upande wa mumeo, na mama mkwe wako pia simtupi.

Umenitajia vyumba, bustani na jiko. Saa hukutaja hata moja, nami naona ugomvi wenu umelala kwenye saa. Dereva wa zamu ya alfajiri anaripoti kabla ya saa kumi na moja. Muuguzi wa zamu ya mchana anaingia saa mbili kasoro na kutoka saa mbili usiku. Navan haina treni ya abiria. Ukiutaka usafiri wa reli, unaendesha hadi kituo cha M3 Parkway karibu na Dunboyne. Kwa gari ni barabara ya M3 yenye tozo, na foleni asubuhi. Mumeo ataondoka saa kumi usiku. Wewe utaondoka saa kumi na mbili na robo. Vituo vingi vya kulea watoto hufunguliwa saa moja na nusu. Hiyo saa nzima na robo watoto watakuwa na nani? Hapo Clonsilla bila shaka yuko jirani anayewapokea, maana bila yeye hizo zamu zenu zisingewezekana hata leo. Jirani huyo hauzwi pamoja na nyumba ya Navan. Mama mkwe aliposema msihame mbali na watu, alikuwa anawasemea wajukuu zake.

Sasa fedha. Benki Kuu ya Ayalandi inaruhusu mnunuzi wa kwanza kukopa hadi mara nne ya mapato ya mwaka, na mkopo usizidi asilimia 90 ya bei. Kwenye 430,000, kianzio ni 43,000. Akiba yenu na hiyo 30,000 ni 46,000, zinabaki 3,000. Ushuru wa stempu kwa nyumba mpya ni asilimia 1 ya bei bila VAT, karibu 3,800. Wakili hajalipwa, bima haijalipwa, pazia hazijanunuliwa. Yaani hata mambo yakienda kama ulivyoyapanga, mmeshapungukiwa.

Na hayaendi. Help to Buy hurudisha kodi ya mapato mliyolipa ndani ya miaka minne iliyopita, lakini ni kwa mtu ambaye hajawahi kununua wala kujenga nyumba ya kuishi, peke yake au na mwenzake. Kibaha inahesabika. Ungeirithi kwa baba yako, mambo yangekuwa mengine, lakini umesema kwa mkono wako kwamba umeijenga. Na mkinunua wawili, sharti linawabana wote wawili: kosa la mmoja linamnyima na mwenzake. Ulikuwa unamwandalia mumeo fomu ya kutia sahihi juu ya uongo asioujua. Revenue, mamlaka ya kodi ya Ayalandi, wakigundua, watazidai hizo fedha.

Mficha uchi hazai. Ndoa nyingi za ughaibuni siku hizi ziko hivi: kitanda kimoja, mifuko miwili, na kila mmoja ana msingi wake wa siri nyumbani, "kwa usalama". Usalama wa nini? Mtu anayekuamini zamu za usiku na watoto wake hastahili kuambiwa mwoga na mke anayemficha siri. Miaka yote hii amejinyima akijua mnaanza sifuri, nawe unajua hamwanzi sifuri.

Kununua peke yako? Kwa 52,000 ukomo wako ni 208,000. Tena sheria ya mwaka 1976 ya kulinda nyumba ya familia inataka ridhaa ya maandishi ya mwenzi kabla nyumba hiyo haijauzwa au kuwekwa rehani. Benki itaitaka sahihi yake. Huko hakuna njia ya panya.

Mumeo naye nina neno lake. Nyumba za Dublin 15, yaani Clonsilla na jirani zake, zilizojengwa kati ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na 2013 zichunguzwe pyrite. Ni madini yaliyokuwamo kwenye kifusi cha mawe chini ya zege la sakafu. Yakipata unyevu na hewa huvimba, sakafu ikainuka katikati na kupasuka kama utando wa buibui, na milango ya ndani ikaanza kukwaruza chini. Mkiingia kuangalia nyumba, fungueni na kufunga kila mlango wa chini, na mtazame kama kuna uliochongwa ili upite. Mkaguzi wa majengo awe wenu, asitoke kwa dalali, na wakili aulize kama nyumba ina cheti cha kijani cha pyrite. Muulizie pia daraja la nishati, BER: nyumba ya daraja la chini kama E itakula fedha zenu za joto kila baridi. Bei halisi za mtaa mtazikuta kwenye rejista ya bei za nyumba, iliyo wazi kwa kila mtu na yenye mauzo tangu 2010.

Ile 5,000 bado ni yenu. Arubuni ya kushika nyumba hurudishwa maadamu mkataba haujatiwa sahihi, na kwa nyumba mpya mkataba kwa kawaida hutakiwa kurudi ndani ya wiki tatu hivi, basi usingoje. Mwandikie dalali barua pepe leo, nakala kwa wakili, useme umejitoa na unaomba fedha zirudi kwenye akaunti zilikotoka. Kisha ngoja siku ambayo nyote wawili hamna zamu, watoto wakiwa wamelala, umweleze habari ya Kibaha kabla ya kumtajia nyumba nyingine yoyote. Iko kwenye kiwanja gani, kama inapangishwa ni kwa kiasi gani, na kama kuna deni la saccos limebaki ngapi. Benki nayo italiuliza hilo deni. Huenda Kibaha ndiyo itakayojaza kianzio cha Clonsilla, lakini hilo mtalipanga wawili.