Maswali ya wafugaji: OTC kila wiki, kuku bado wanakufa

SWALI: Kila Jumatatu huwawekea kuku wangu wa mayai OTC (oksitetrasaiklini, antibiotiki ya bakteria) kidogo kwenye maji, kama kinga. Mwezi huu wanaharisha kijani, wengine wanapinda shingo. Nimeongeza dozi, wapi! Mayai niuze?
Mfugaji, Morogoro

JIBU: Kuhara kijani na shingo kupinda ni dalili za kideri (Newcastle), na kideri husababishwa na virusi. OTC haivigusi hata ukimwaga kopo zima. Kinga yake ni chanjo: siku ya 7, siku ya 21, kisha kila miezi 3, kwa maji yasiyo na klorini, yaishe ndani ya saa 2.

Hiyo "kidogo" ya Jumatatu ndiyo hatari zaidi. Inaua bakteria dhaifu na kuacha sugu, kama E. koli, ambazo hugawa vinasaba vya usugu hata kwa bakteria wengine kama Salmonela. Zinafika kwako kupitia kisu, mikono na mbolea ya kuku unayoweka kwenye mchicha.

Peleka kuku 2 au 3 waliokufa punde maabara ya mifugo. Wakikuta bakteria, waombe wapime ipi inasikia dawa gani. Dozi hupigiwa hesabu kwa uzito wa kuku, si kwa ndoo: mgonjwa hunywa kidogo, akapata dozi pungufu. Tena kalisi (kalsiamu) ya chakula cha kuku wa mayai hunasa OTC tumboni, isiingie vizuri mwilini.

Mayai usiuze mpaka siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kopo ziishe. Kuchemsha hakuondoi mabaki yote ya dawa.