Wasomaji Wanauliza: Bluu Mpya na Vibao Vipya vya Revolva Kuukuu

SWALI: Ndugu mhariri, habari za kazi. Nimerithi revolva ya Webley ya .38 kutoka kwa marehemu baba, na umiliki wake umeshahamishiwa kwangu kisheria. Bluu, yaani ule weusi wa kinga unaotiwa kwenye chuma, imekwisha kwenye mdomo wa mtutu na kingo za silinda, na upande mmoja wa fremu una vidonda vya kutu. Fundi mmoja anataka kuitia nikeli iwake kama mpya, mwingine anasema rangi ya kupuliza inatosha. Nimsikilize nani? (Msomaji, Majengo, Moshi)

JIBU: Pole kwa msiba. Wote wawili waambie wasubiri. Kabla ya kuchagua rangi yoyote, soma kwanza kilichogongwa kwenye chuma. Webley nyingi za .38 zilizotengenezwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia zina maneno WAR FINISH kwenye fremu. Kiwanda cha Birmingham kilikuwa na haraka ya vita, kikaziachia silaha mikwaruzo ya mashine bila kuing'arisha. Kama yako ina maneno hayo, mikwaruzo hiyo ni ya kiwandani na haina haja ya kuondolewa. Mtu anayekusanya silaha za zamani ataithamini bluu ya asili iliyochakaa kuliko bluu mpya inayometameta, kwa hiyo kama kutu imesimama na silaha inakaa kabatini tu, kuisafisha na kuipaka mafuta kunatosha kabisa.

Ukiamua kuifanyia kazi, jihadhari kuliko vyote na mashine ya kung'arishia. Gurudumu la kitambaa linalainisha kingo zilizotakiwa kuwa kali, linachimba kingo za matundu ya skrubu hadi yanakaa kama visahani, na linafifisha namba na mihuri. Namba ikifutika, hutaweza kuonyesha kuwa silaha iliyo mkononi ndiyo iliyoandikwa kwenye leseni, na kufuta namba za silaha ni kosa la jinai. Piga picha za namba na mihuri yote kabla kazi haijaanza, na kazi yenyewe mpe fundi mwenye leseni ya kutengeneza silaha. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inahusu pia mafundi. Gereji ya jirani haifai hata kama fundi wake ana mkono mzuri.

Nikeli hatuishauri kwa silaha yenye vidonda. Inashika vizuri kwenye chuma kilicholainishwa sawasawa. Kwenye shimo la kutu unyevu unabaki chini yake, kisha inanyanyuka na kubanduka kama magamba. Springi zikiingizwa kwenye tindikali na umeme wa kutilia nikeli zinaweza kuwa nyepesi kuvunjika na kukatika baadaye. Rangi ya kupuliza nayo inaongeza unene mahali ambapo silinda inapita karibu sana na fremu, na dawa ya kusafishia mtutu inaiyeyusha.

Kwa Webley ya umri huo tunapendekeza bluu ya kutu, ile ya polepole, ambayo chuma kinaachwa kishike kutu nyembamba kisha kinachemshwa igeuke nyeusi. Haihitaji joto la kupita maji yanayochemka, wakati bluu ya chumvi ya moto inachemshwa kwa kostiki (soda kali inayounguza) kwenye nyuzi 135 hadi 150 hivi. Chumvi ile hujificha kwenye maungio na kuanza kutoa unga mweupe wiki kadhaa baadaye, na ikimrukia mtu inamuunguza vibaya. Usikubali mtu aichemshe uani kwako.

Kazi inakwenda hivi. Silaha ikishathibitishwa kuwa haina risasi, inafunguliwa yote. Springi, nyundo na kifyatulio vinawekwa kando, haviingii kwenye bluu. Chuma kinasuguliwa kwa mkono, msasa ukiwa umezungushiwa kipande cha mbao bapa: namba 220 pale penye kutu tu, kisha 320, na kuishia 400. Usizidi hapo, maana chuma kilicholainishwa mno hakiishiki dawa. Vidonda virefu viache. Kuvifuata mpaka viishe ni kupunguza chuma chote kinachovizunguka, na kama viko juu ya vyumba vya risasi kwenye silinda, fundi avikague kwanza kwa usalama, suala la sura lisubiri.

Hatua ya kuondoa mafuta ndiyo inayoharibu kazi za wengi. Osha kwa asetoni, kisha kwa maji moto ya sabuni, na kuanzia hapo shika kwa glovu safi tu. Usisahau ndani ya mtutu: mafuta yaliyobaki humo hupanda juu wakati wa kuchemsha na kuacha mabaka pale yanapogusa chuma. Ziba mtutu na vyumba vya silinda kwa vijiti vya mbao vilivyochongwa vikaze. Hivyo hivyo vinakuwa vishikio. Paka dawa ya bluu ya kutu kwa tabaka jembamba sana, pamba iwe nyevunyevu tu isitiririke, kisha acha mahali penye unyevu kwa saa 3 hadi 12 mpaka uone ukungu wa kutu ya rangi ya chungwa. Ikitoka kutu nene yenye chembe, umechelewa. Dawa imeshaanza kula chuma.

Sasa chemsha dakika 15 hadi 20. Hapo kutu nyekundu inageuka kuwa nyeusi na kushika. Moshi maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, Arusha mjini karibu 95, na zote zinatosha. Linaloharibu ni maji yenyewe: ya bomba na visima vya ukanda wa Kilimanjaro na Meru mara nyingi yana madini mengi, na yanaacha madoa meupe. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa au maji ya betri yasiyo na tindikali. Chuma kikitoka, piga taratibu kwa stiliwaya laini kabisa iliyooshwa mafuta yake kwa asetoni, uondoe vumbi jeusi lililokaa juu. Mara ya kwanza kitaonekana kijivu cha mabakamabaka, na wengi hukata tamaa hapo. Rudia mara 5 hadi 8. Weusi unakolea kila mzunguko. Mwisho kizamishe kwenye mafuta usiku mzima kikiwa bado na joto.

SWALI: Nina revolva ya Smith & Wesson ya zamani ambayo vibao vyake vya mshikio vimepasuka. Nataka vya mpingo, rafiki yangu ananishauri pembe. Kuna mtu pia amenidokeza pembe ya ndovu. (Msomaji, Njiro, Arusha)

JIBU: La ndovu liishie hapo hapo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haina mzaha, na biashara ya kimataifa ya meno ya tembo ilipigwa marufuku mwaka 1989 na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Meno ya ngiri nayo ni nyara ya serikali. Usiyachukue kwa mtu asiye na kibali.

Pembe ya ng'ombe inaruhusiwa na ni nzuri kwa macho, ila inapinda hewa ikibadilika na wadudu huila.

Mpingo ni mti mgumu na mzito, wenye mafuta ya asili; ndio unaotengenezewa klarineti. Shida yake ni kukauka. Kipande kibichi kutoka kwa wachongaji kitapasuka ukikifunga kabla ya wakati. Kikate kikiwa kinene, milimita 12 kila upande, paka nta kwenye ncha zake na ukiache kivulini miezi kadhaa. Kama hutaki kusubiri chukua mninga mkavu, ambao hausinyai wala haupindi sana na ni rahisi kuchonga. Sisi kwa silaha inayobebwa kila siku tungechagua mninga. Mpingo tungeuweka kwenye silaha ya kabatini.

Vibao vya zamani usivitupe hata vikiwa vimepasuka, ndivyo kiolezo. Chora umbo lake, pima kwa kalipa unene wa pale skrubu inapopita, na toboa tundu hilo kabla hujachonga mgongo wa nje. Ukichonga kwanza, drili inateleza kwenye mviringo na matundu ya pande mbili hayakutani. Kibao kikae kwenye chuma bila kucheza. Kikicheza, usikibane kwa kukaza skrubu, kitapasuka kwenye tundu. Paka masizi kwenye fremu, bandika kibao, kisha punguza pale palipochafuka tu. Vaa barakoa, maana vumbi la mpingo linawasha pua na ngozi.

Mninga upake mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) yaliyochemshwa, tabaka jembamba mara 4 hadi 6, kila moja likauke siku nzima. Mpingo nta inautosha. Upande wa ndani upake pia: mbao tupu hunywa jasho la kiganja na kulihifadhi kwenye chuma, ndiyo maana kutu nyingi hukutwa chini ya vibao. Matambara yenye linsidi yatandaze nje yakauke, yakirundikwa yanaweza kushika moto yenyewe.

SWALI: Vibao vyangu vya asili ni vyeusi vya mpira mgumu, sasa vimekuwa vya kahawia. Nivichemshe kwa sabuni? (Msomaji, Usa River)

JIBU: Hapana, maji moto yanazidisha ukahawia na yanaweza kuvipinda. Mwanga wa jua ndio uliovibadilisha. Futa kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, kausha, pitisha mafuta mepesi kwa brashi ya meno kwenye michoro, kisha vitunze gizani. Usivisugue kwa msasa, michoro itaisha kabla ukahawia haujaisha.