Kabla Hujalipia Hedifoni za Nusu Wazi

Kazi yangu ni kusikiliza watu. Watafiti huniletea rekodi za mahojiano nami nayaandika neno kwa neno, Kiswahili kwa sehemu kubwa, Kiganda kikichomoza katikati. Kazi ikiwa nyingi, hedifoni hukaa kichwani saa tano, sita. Kwangu ni kama viatu kwa mtu wa kutembea kwa miguu: zikibana, siku nzima imeharibika.

Za nusu wazi za kwanza nilizinunua hapa Kampala, duka moja si mbali na Old Taxi Park. "Nyabo, hizi orijino," muuzaji akaniambia, akazichomeka kwenye simu yake na kuniwekea wimbo wenye besi ya kutikisa kaunta. Nilizivaa dakika tatu hivi. Nje makondakta wanaita abiria, boda zinapiga honi. Ningesikia nini hapo? Nikalipa. Usiku uleule, saa ya pili ya kazi, utosi ulianza kuniuma pale upinde ulipokalia nywele zangu za kusuka, na miwani ikawa inanichimba nyuma ya masikio. Kesho yake nikazirudisha. Muuzaji akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: mali ikishauzwa hairudi.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huo. Omba kukaa nazo. Nilizo nazo sasa nilizipata kwa mwenzangu aliyekubali niondoke nazo wikiendi nzima kabla ya kupokea hela. Ikishindikana, zivae dukani bila muziki wowote, piga soga na muuzaji nusu saa, uinamishe kichwa kama unayeandika. Maumivu ya hedifoni hayaji mapema. Ukizisahau kichwani, hiyo ni dalili nzuri.

Sasa neno lenyewe, nusu wazi. Ndani ya kila kikombe kuna spika ndogo inayosukuma hewa mbele na nyuma. Hedifoni zilizofungwa huizuia ile ya nyuma, zilizo wazi huiachia itoke, na hizi huiachia kiasi kupitia matundu. Kiasi gani, kila kampuni inaamua yenyewe, kwa hiyo maandishi ya kwenye boksi hayakuambii mengi. Mimi hufunika migongo ya vikombe kwa viganja wakati mtu anaongea kwenye rekodi. Sauti ikigeuka kama anayeongelea ndani ya mtungi, zinapumua kweli. Isipobadilika hata kidogo, hayo matundu ni urembo.

Kupumua huko kunaleta nafuu ya joto, na sauti haibanani kichwani. Lakini kinachotoka wengine wanakisikia. Siku moja ofisini, Wandegeya, nilikuwa naandika maneno ya mjane aliyedhulumiwa kiwanja. Dada wa meza ya pili akaguna, "Maskini! Kumbe shemeji yake ndiye aliyeuza?" Mwili ulinisisimka. Yule mama alikuwa ameahidiwa siri. Tangu siku hiyo rekodi za namna hiyo nazifanyia nyumbani, mlango umefungwa.

Jambo nililochelewa kulielewa ni kwamba starehe na sauti huwezi kuzipima kila kimoja peke yake. Besi inategemea mto laini wa kikombe ulivyolala kuzunguka sikio. Mkono wa miwani ukiuinua mto hata kidogo, besi inatorokea hapo, nawe utalaumu spika bure. Weka wimbo wenye besi ya kutulia, kisha bonyeza vikombe polepole kwa mikono miwili. Besi ikijaa ghafla, mto haukukaa. Mimi huipandisha mikono ya miwani juu zaidi ya masikio, mto ukalala kwenye ngozi. Naonekana kama bibi anayetafuta uzi kwenye tundu la sindano, lakini nasikia. Nywele za kusuka nazo zina shida hiyohiyo, ndiyo maana jaribu hedifoni ukiwa na mtindo unaokaa nao siku zote.

Na mito inazeeka. Sponji ikishabonyea, sikio linaisogelea spika na sauti nzima inabadilika. Ngozi bandia, kwa jasho letu hili, huanza kubanduka. Zangu za zamani ziliniachia vipande vyeusi shingoni kama majani ya chai. Mito ya mahameli inanifaa zaidi, ingawa inanyonya jasho na vumbi na lazima uisafishe. Kabla ya kununua, uliza kama mito ya akiba inapatikana.

Kwa kupima sauti, beba rekodi yako mwenyewe unayoijua kwa moyo. Yangu ni mzee anayetaja "shilingi sitini na sita". Zile s na sh zikikuchoma kama mvuke wa sufuria, baada ya saa moja kichwa kitakuuma. Halafu naweka amadinda, marimba ya mbao ya Kiganda: nataka nisikie fimbo ikigonga, kisha ubao wenyewe ukiimba. Nikisikia fimbo tu bila ubao, sauti za juu zimezidi.

Pia angalia namba ya omu, kipimo cha jinsi spika inavyoukinza umeme. AKG, kampuni iliyoanzia Vienna mwaka 1947, ilitoa hedifoni zake za nusu wazi za K240 za kwanza katika miaka ya 1970. Zile za zamani zilikuwa na omu 600, ilhali K240 Studio za siku hizi zina 55. Ukiokota za zamani kwa bei ya kutupa ukazichomeka kwenye simu, utasikia sauti ya mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Si mbovu, zinataka amplifaya. Beyerdynamic DT 880 nazo zimeuzwa kwa omu 32, 250 na 600, kwa hiyo jina peke yake halitoshi.

Usizinunue kwa ajili ya teksi au boda. Kelele zinaingia, utapandisha sauti, kisha utapandisha tena. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki, na sisi tunaovaa hedifoni kikazi tunazifikia saa hizo bila kujua.

Hata nyumbani, Kibuli, mvua ikianza kupiga mabati sisikii mzee wala shilingi zake. Zamani nilikuwa napandisha sauti. Siku hizi nazivua, nazitundika kwenye msumari mbali na dirisha, naweka chai jikoni mpaka mvua ipungue.