Kupaka kauri turbo ya Subaru

Ndugu, umeuliza kama mipako ya kauri kwenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu ya moshi wa ekzosi) ya Impreza WRX yako itapunguza joto chini ya boneti. Itapunguza, lakini paka upande wa moto tu: ganda la tabo (gurudumu la turbo linalozungushwa na moshi), manifoldi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye injini) na bomba la ekzosi linalofuata. Gari la petroli likikanyagwa sana, moshi hapo hukaribia nyuzi 900 za Selsiasi. Kauri huzuia joto hilo lisienee hadi kwenye intakula (kipoza hewa inayoingia kwenye injini) iliyokaa juu ya injini. Fundi aifungue turbo yote kabla ya kuipiga mchanga ili kuisafisha ipakwe, maana punje zikibaki kwenye njia ya oili zitakula beringi. Makopo ya kauri ya kupuliza ya dukani achana nayo. Bajeti ikibana, nunua blanketi la turbo, kifuniko cha kuzuia joto.