Daktari anayesubiri ganzi ishike

Ndugu mleta mada, umeandika kwamba gego lako la chini limetoboka tangu mwaka 2019, kwamba umefika mara mbili hadi kwenye lango la kliniki ukarudi nyumbani, na kwamba unachokiogopa kuliko sindano ni kugombezwa kwa kuchelewa. Nimeyasoma maneno yako mara mbili, kwa sababu miaka michache iliyopita ningeweza kuyaandika mimi. Nilikaa miaka kumi na mmoja bila kumfungulia kinywa daktari yeyote, na haikuwa kwa uzembe. Nilikuwa nimeumizwa.

Nimezaliwa Arumeru, chini ya Mlima Meru, ambako maji ya chemchemi na visima vingi yana madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja, lakini vipo vyanzo vya upande wetu vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa, na magadi tunayotia kwenye makande na maharage huongeza juu yake. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yangali yakijijenga ndani ya taya, meno huota yakiwa na madoa ya kahawia, na mswaki hauwezi kuyatoa kwa kuwa doa limo ndani ya jino lenyewe. Naanzia hapa kwa sababu madoa hayo ndiyo yaliyofanya nidharauliwe kabla hata sijaeleza ninapoumwa.

Nilipokuwa darasa la nne nilipelekwa kung'olewa gego. Nilichomwa sindano, na kabla sijamaliza kufuta machozi koleo lilikuwa tayari kinywani. Mama alinishika miguu, muuguzi akanishika kichwa, na nilipolia niliambiwa kwamba msichana mkubwa kama mimi anapaswa kuona haya. Mama hakukosea, aliamini, kama wazazi wengi wa wakati ule, kwamba jino kung'olewa kwa maumivu ndiyo kawaida yake.

Mara ya pili nilikuwa mtu mzima, nimeshahamia Dar es Salaam, na shavu limevimba. Nilimwambia daktari kwamba nasikia kila kitu. Akanijibu kwamba ganzi imeshaingia na kinachonisumbua ni hofu. Akaendelea. Alipomaliza aliniuliza, mbele ya mgonjwa mwingine, kama kwetu hakuna miswaki. Nilitoka nikiwa nimeziba mdomo kwa kitambaa, si kwa ajili ya damu, na tangu siku ile nikawa mtu wa kusukutua maji ya chumvi, kuweka karafuu kwenye tundu, kumeza vidonge vya maumivu na kutafuna upande mmoja.

Baadaye sana nilikuja kuelewa kwamba siku ile nilikuwa nasema kweli, na ningependa nawe ulijue hili kabla hujaingia popote. Jino lenye usaha huyafanya maeneo yanayolizunguka yawe na asidi, na katika hali hiyo dawa ya ganzi hufanya kazi kwa shida. Tena magego ya chini yamekaa kwenye mfupa mnene, kwa hiyo daktari hulazimika kuchoma sindano nyuma kabisa ya taya, karibu na mahali mshipa wa fahamu unapoingia kwenye mfupa, na hata mkono wenye uzoefu huweza kukosa mahali pale. Ipo dalili ambayo mgonjwa mwenyewe anaweza kuipima: ganzi ya aina hiyo ikishika, nusu ya mdomo wa chini na kidevu cha upande ule hufa ganzi kabisa. Ikiwa mdomo bado una hisia zake zote, una haki ya kusema kwamba ganzi haijashika, na daktari mwenye kujali atasubiri au ataongeza. Hata mdomo ukifa ganzi na bado jino likauma, sema vilevile.

Aliyenitoa kwenye hali ile ni mama mmoja, daktari wa kinywa na meno mwenye kliniki ndogo nje ya mji, niliyeelekezwa na jirani. Nilimpigia simu kwanza, nikamweleza historia yangu yote hata sauti ikaanza kunikatika. Hakunikatiza. Aliniambia nije asubuhi, nile chakula kabla ya kutoka, na kwamba siku ya kwanza hatagusa kitu isipokuwa nikiomba mwenyewe. Nilipofika alinikalisha kwenye kiti cha kawaida, tukaongea tukitazamana, akaniuliza kuhusu presha, kisukari, mzio wa dawa na ujauzito. Ndipo aliponiomba nifungue kinywa. Akatazama, akauliza, "Wewe ni mtu wa Arusha?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ni maji ya kwenu hayo. Meno yako umeyatunza vizuri." Nililia pale pale, na aliniacha nilie bila kuniharakisha.

Baada ya picha ya eksirei alinieleza kwamba jino linaweza kuokolewa kwa kutibiwa mzizi, yaani kusafishwa ndani hadi kwenye mizizi kisha kuzibwa, kwamba kazi hiyo itachukua mahudhurio matatu na gharama yake itazidi ya kung'oa mara kadhaa, na kwamba nikiamua kung'oa hatanilaumu. Niliomba kulipa kwa awamu, akakubali. Tulikubaliana pia kwamba nikiinua mkono wa kushoto atasimama, hata kama ni mara ishirini. Siku ya kazi alipaka kwanza jeli ya ganzi juu ya fizi, akasubiri, kisha akasukuma dawa ya sindano polepole mno. Aliniambia mapema kwamba huenda moyo ukaenda mbio kidogo, kwa kuwa ganzi nyingi huchanganywa na adrenalini ili ikae muda mrefu, na kwamba hali hiyo hupita baada ya dakika chache. Ilitokea kama alivyosema, nami sikuogopa kwa sababu nilikuwa nimeambiwa. Akasubiri dakika kumi, akapima jino kwa kitu baridi, nikasema bado nasikia, akaongeza. Niliinua mkono mara nne siku ile, na mara zote nne alisimama.

Kwa hiyo unapotafuta, usiulize tu nani ni mpole, kwa maana upole wa maneno unaweza kuisha mara kazi inapoanza. Uliza kwa simu: nikisema naumia, mtafanya nini? Anayejibu kwamba hutaumia kabisa namwamini kidogo kuliko anayekueleza hatua atakazochukua. Uliza pia kama unaweza kwenda siku moja kwa ajili ya maongezi na uchunguzi peke yake. Kama fedha ni tatizo na uko Dar es Salaam, ulizia huduma ya meno ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, ambako wanafunzi hutibu wakisimamiwa na walimu wao. Kazi ya mwanafunzi huchukua muda mrefu zaidi, lakini kwa mtu mwenye hofu kama yetu kutokuharakishwa ni sehemu ya tiba. Hakikisha vilevile kwamba anayekutibu amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Hao wanaong'oa meno majumbani waepuke, hata wakisifiwa namna gani.

Kuhusu kugombezwa, andika mambo yako kwenye karatasi kama huwezi kuyatamka, umpe daktari aisome kabla hujapanda kwenye kiti. Akiisoma kisha akakukaripia, ondoka, tafuta mwingine.

Jambo moja tu halisubiri utafutaji huu. Ukiona uvimbe unashuka kuelekea shingoni au unapanda kuelekea jichoni, ukapata homa, ukashindwa kumeza au kufungua kinywa, au pumzi ikawa nzito, nenda hospitali iliyo karibu nawe saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku, na umchukue ndugu mmoja wa kukusindikiza.